Nilimwita mama, akaniambia yeye si mama yangu

Shikamoo Anti.

Naomba jina langu lisitoke, niite tu Binti wa Kirumba. Nina miaka 23, nimekuja Ujerumani mwezi wa tisa kwa ile programu ya kujitolea mwaka mmoja, niko Würzburg, ule mji ambao ni ndugu na Mwanza tangu 1966, na ndo maana nlipoambiwa napelekwa huku nlifurahi nikajua naenda kwa watu wanaotujua. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nakaa na familia moja hapa, baba, mama, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Kazini sina shida kabisa, kuna bibi mmoja nikimpelekea chai asubuhi ananishika mkono haachii mpaka nimuimbie, na wala hajui naimba nini. Shida iko nyumbani. Anti mimi naona hawa watu hawanitaki na hawajui wanitoeje.

Nianze siku ya kwanza. Walikuja kunipokea Frankfurt airport wote wanne na karatasi limeandikwa jina langu, mtoto ndo kalishika. Mie nilikuwa nimeshajiandaa kwenye ndege, nimekariri Kijerumani changu cha darasani, nikampa mkono yule mama nikamwambia asante sana mama. Akatabasamu, akanijibu polepole ili nielewe, mimi si mama yako, mama yako yuko Mwanza, niite hivi, akataja jina lake. Jina tupu. Mbele ya watoto wake. Sasa Anti huyu mwanamke anamkaribia mama yangu umri, nitamwitaje jina lake kama naita rafiki yangu wa shule? Nimeshindwa mpaka leo. Yaani saivi simuiti chochote, nikitaka kumwambia kitu nasimama pale nasubiri mpaka aniangalie ndo naongea.

Usiku ule ule mezani kuna mikate, jibini, nyama za baridi zimekatwa nyembamba, matango. Hakuna cha moto hata chai. Nikala kipande kimoja, akaniuliza unataka tena, nikasema hapana asante, kama mgeni yeyote mwenye adabu zake, nikawa nasubiri anilazimishe lazimishe kidogo. Akasema sawa akatoa vyombo, akafunga kila kitu kwenye friji. Nikalala na njaa Ulaya, nani angeamini. Na imekuwa hivo hivo miezi mitatu, nanunua biskuti nakula chumbani kwangu nimejifunika blanketi kama mwizi.

Jikoni wana kalenda kubwa ukutani, kila mtu ana mstari wake na jina lake, na mimi wameniwekea wangu natakiwa niandike naingia kazini lini narudi lini nitakula au sitakula, yaani kama zamu za wodini. Halafu kila asubuhi nikishatoka kuoga yule mama anapanda anafungua dirisha la chumba changu lote, baridi hii ya Desemba, na alishanionyesha na mimi nifanye hivo kila siku. Nimejinusa Anti, nimebadilisha sabuni, nimenunua na spray. Sioni harufu ninayotoa.

Kuna Jumamosi wote walikuwa wametoka nikasema leo nikae kama nyumbani, nikatoa dagaa wangu wa soko la Mwaloni niliokuja nao, nikawakaanga na nyanya na kitunguu, nikasonga na ugali. Nilikula nikatoka jasho kwa raha. Waliporudi, binti akaziba pua mlangoni, mama akafungua madirisha ya nyumba nzima. Jioni baba akaniita mezani, akanimiminia chai, akasema tunaomba tuongee. Wakakaa wote wawili mbele yangu kama baraza la usuluhishi. La kwanza dagaa, nikitaka kupika niseme kwanza na niwashe kile kifeni cha juu ya jiko. La pili simu, nisiongee na nyumbani kwa sauti baada ya saa nne usiku. La tatu taka, kumbe nachanganya, kuna pipa la maganda, la karatasi, la plastiki na la taka nyingine, na mimi nlikuwa natupa popote penye nafasi. Nikasema sawa, samahani, sawa, samahani. Nikapanda juu nikalia mpaka nikalala.

Sasa la mwisho ndo limenifanya niandike. Juzi tarehe 6 asubuhi nawahi zamu, buti zangu nilizoacha pembeni nimezikuta zimepangwa mlangoni nje pamoja na za watoto. Naingiza mguu nakuta kitu, nikatoa, kuna chokoleti, njugu zenye maganda yake, na machenza mawili. Nikajua tu huyu mtoto alikuwa anachezea viatu vyangu akaficha vitu vyake humo, nikatoa vyote nikaviweka kwenye sahani mezani jikoni vizuri nikaenda kazini. Jioni narudi nyumba kimyaa. Mtoto haniangalii. Sahani iko pale pale. Mama akaniuliza, hupendi? Nikasema hapana, asante, nimeshiba. Akaangalia ile sahani, akapanda juu. Tangu hapo ananiongelesha kwa kuhesabu maneno. Nahisi wanadhani niliiba vitu vya mtoto nikavirudisha.

Nyumbani mama anasema vumilia, kaka anatuma meseji nipo Ulaya nakosaje laki tano ya kumaliza bati. Napewa posho ya euro 400 kwa mwezi lakini ukimwambia anacheka. Kuna mwenzetu kwenye programu anakaa na vijana wenzake nyumba ya kushea, kila mtu na mambo yake, anasema kuna chumba kinatoka mwezi wa kwanza. Nimwambie mratibu anihamishe? Au nirudi tu Mwanza? Nisaidie Anti, sina wa kumuuliza ambaye ameshaishi huku.

Binti wa Kirumba


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Ona, nakuita mwanangu wala sijakuzaa wala sijakuona, ndo sisi hivyo, na hapo ndo penye nusu ya matatizo yako yote, nitafika.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza ilinisikitisha. Mara ya pili nilipofika kwenye kiatu nikaweka simu chini nikacheka peke yangu, nisamehe. Tarehe 6 Desemba Ujerumani ni siku ya Nikolaus. Ni mtakatifu wa zamani, alikuwa askofu wa Myra, mji uliokuwa pale ambapo leo ni Uturuki, na hadithi zake ni za kugawia watu vitu kimyakimya usiku. Basi tarehe 5 jioni watoto wanasafisha buti wanazipanga mlangoni, wakilala wazazi wanajaza chokoleti, njugu na machenza. Hivyo hivyo ulivyovitaja, hata hukukosea kimoja. Na hivi vitu wanawekewa watoto wa nyumba.

Sasa rudi nyuma uangalie. Buti zako hazikutembea zenyewe, kuna mtu alizitoa ulipoziacha akazipanga nje pamoja na za watoto, mimi naweka dau ni yule wa miaka 9. Na yule mwanamke aliyekwambia yeye si mama yako alisubiri wote mlale, akashuka na soksi gizani akajaza buti za watoto watatu. Watatu, mwanangu. Asubuhi mmoja wao akavitoa akaviweka kwenye sahani akaenda zake kazini, na jioni alipoulizwa hupendi, akajibu ameshiba. Yaani ni sawa bibi yako akufungie michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye khanga ya safari, wewe umfuate mpaka stendi ya Nyegezi umrudishie umwambie hapana bibi, sina njaa. Hakuna aliyekuona mwizi pale. Wameumia tu, na wao kama wewe hawajui waseme nini.

Haya, tuje kwenye hilo la mama. Mimi nilikaa na familia kijiji kimoja karibu na Hamburg mwaka 2014, tulikuwa wa mwanzomwanzo, maana hiyo programu ya kujitolea ya weltwärts ilianza 2008 kuleta vijana wa Kijerumani huku kwetu, sisi wa kwenda kwao tulifunguliwa mlango 2013. Na mimi nilifanya lile lile, nikamwita mwenye nyumba mama, akabaki anashangaa. Ilinichukua muda kujua kwamba kwao neno mama lina mtu mmoja tu, aliyekuzaa au aliyekulea, basi. Ukimwita mwingine mama ni kama unamfuta yule wako wa Mwanza, na yeye anajiona mwizi wa cheo cha mtu. Kwa hiyo ile sentensi iliyokuchoma, kichwani mwake yeye ilikuwa ni kumheshimu mama yako. Na kukupa jina lake tupu siku ya kwanza ni kukusogeza karibu. Mtu wa mbali kule unamwita kwa ukoo wake, Bi fulani, Bwana fulani, na unamsemesha kwa lile "Sie" lao la heshima na umbali. Kuna majirani kule wamekaa mlango kwa mlango miaka na miaka na bado ni Bwana na Bi. Wewe umetoka kwenye ndege umepewa "du", ile "wewe" yao ya watu wa karibu, na jina, ni kama umepewa ufunguo.

Ila sitamtetea kwa kila kitu. Msichana katoka kwao mara ya kwanza, hajalala usiku mzima, umemkosoa mbele ya watoto na umati wa airport, hapana, angeweza kupokea ile "mama" akanyamaza akaja kuelezana naye baadaye. Na hiyo ya Nikolaus ilikuwa aifafanue jioni ile ile, wao wamezaliwa nayo hivyo wanadhani dunia nzima inaijua. Yule binti wa kuziba pua naye ana miaka 14, wa kwangu ana 14 pia na ananizibia pua mimi mwenyewe nikipika kabichi.

Jina tupu kama linakushinda, na mimi lilinishinda, usimlazimishe mdomo wako. Mwambie hivi, kwetu mwanamke aliyezaa haitwi kwa jina lake, anaitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wake, na hiyo ni heshima yake mtaani. Mwombe umwite mama na jina la yule mdogo. Si mama yako, ni mama yake, hapo huna mtu unayemfuta. Mimi nilimwita wa kwangu hivyo, mwezi uliofuata alikuwa anaandika hivyo hadi kwenye kadi za sikukuu.

Njaa sasa. Hili nataka uache leo, siyo kesho. Sisi tunafundishwa kukataa kwanza, mgeni anayesema ndiyo mara ya kwanza ni mlafi, na mwenye nyumba asiyebembeleza ni mchoyo, kila mtu anajua ngoma inavyochezwa. Kule hawaijui hiyo ngoma. Hapana ni hapana, na kukubembeleza baada ya wewe kukataa wanaona ni kukukosea adabu, kwamba hawakuamini unayosema kuhusu tumbo lako. Mimi wiki tatu za kwanza nilikuwa nakula ndizi kituo cha basi, naficha maganda mfukoni, mpaka bibi wa ile nyumba, mama yake na baba, siku moja akanikuta nimesimama mbele ya friji saa tano usiku nimelishika mlango sifungui wala siachii. Hakuuliza kitu, alitoa mkate akapaka siagi nene akakaa mpaka nikamaliza. Kesho yake akanifundisha maneno mawili, "ja, gerne". Ndiyo, kwa furaha. Nenda nayo mezani leo jioni, ukiulizwa unataka tena jibu hivyo, uone kama kuna atakayekushangaa. Na ule mkate wa baridi jioni ndo desturi, nyumba nyingi cha moto wanakula mchana, hawajakunyima wewe wakala wao jikoni. Kama tumbo linataka cha moto usiku sema, unapika mwenyewe, jiko lipo.

Dirisha. Mwanangu hunuki. Ulipoandika umenunua spray roho iliniuma kweli. Nyumba za kule zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke, sasa mvuke wa bafuni na pumzi zako za usiku kucha hazina pa kwenda, zinakaa ukutani zinaota ukungu mweusi. Ndo maana wanazima hita, wanafungua dirisha lote dakika 5 au 10, wanafunga. Wanafanya vyumba vyote, hata chumbani kwao, wewe unaona chako tu kwa sababu ndo unapolala. Mikataba mingi ya kupanga nyumba kule imeandika kabisa kwamba mpangaji afungue madirisha. Fungua mwenyewe asubuhi kabla hajapanda, ataacha kuja.

Dagaa lakini wananuka. Hapo nakuambia ukweli kama shangazi. Hata Mwanza penyewe ukaange dagaa Capri Point kwa matajiri dirisha limefungwa uone. Hukukosea kupika, ulikosea kupika jirani na pua zao bila taarifa. Waandikie kwenye kalenda, Jumamosi saa sita napika chakula cha Mwanza, washa kifeni, fungua dirisha, na wapikie wote, ila siku ya kwanza anza na pilau au maharage ya nazi, dagaa waje wakishakuzoea. Unga ukikwisha tafuta duka la Waafrika au la Waasia hapo mjini, wazee wa huko wa kutoka kwetu wanajua lilipo.

Na kalenda yenyewe, mbona umeichukia bure. Mpangaji hawekewi mstari kwenye kalenda ya nyumba, wala mgeni wa wiki mbili. Usipoandika wao wanahesabu upo, wanaweka sahani yako, usipotokea wanakaa wanajiuliza umekwama wapi na baridi hii. Andika hata mambo madogo, andika siku yako ya kuzaliwa kwa wino mwekundu, ila nikutonye, usije kumpongeza mtu wa kule siku yake kabla haijafika hata kwa saa moja, wanaona ni mkosi.

Sasa lile baraza la chai. Kwetu mtu akichukizwa na wewe ananuna, au anamtuma mtu, shangazi, mjumbe, jirani, maneno yanakufikia yamezunguka kona tatu. Akikukalisha ana kwa ana jua mambo yameharibika na kuna kufukuzwa mbele. Kule ni kinyume. Asiyekutaka hakukalishi, anasubiri mkataba wako uishe. Anayetaka ukae naye anatoa neno mezani, mnalimaliza, mnakunywa chai, kesho hakumbuki. Wao usiku ule walilala vizuri kabisa, wakajua yamekwisha, wewe ukabaki na maumivu peke yako. Na tatizo lingine uliwajibu sawa samahani, sawa samahani, kwao sawa maana yake huna la kusema. Na wewe ulikuwa nalo! Ungewaambia kwamba unalala njaa, baba yule angeruka kwenye kiti.

Kuhusu simu wana haki, saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu, na Jumapili nzima, wala usije ukapiga nyundo wala kuendesha mashine ya vumbi Jumapili. Lakini hata hesabu yako mwenyewe iko vibaya, msimu huu wa baridi mko nyuma ya Mwanza saa mbili, ukipiga saa nne usiku mama yako ni saa sita, naye anakesha kwa ajili yako. Piga saa kumi na mbili jioni, kwake ni saa mbili, ameshakula, mnaongea kwa sauti mtakayo.

Kaka yako mwambie posho siyo mshahara. Laki tano kwa bei ya euro ya siku hizi inakaribia nusu ya hela yako yote ya mwezi. Mwambie mara moja, vizuri, usijieleze tena.

Kuhama. Haki hiyo unayo, mratibu yupo kwa kazi hiyo na huna haja ya kuleta ushahidi kama uko mahakamani, unasema tu hapa sikai. Na kuna mambo ambayo yangekuwepo kwenye barua yako nisingekupa hata mstari mmoja wa desturi na Nikolaus, ningekwambia piga simu leo: wangekuwa wameshika pasipoti yako, wangekufanya housigeli wa kufua na kulea watoto, maana wewe umekuja kujitolea kwenye nyumba ya wazee siyo kwao, wangekuwa wanakutukana rangi yako, au yupo mwanaume anakugongea mlango usiku. Mambo hayo hayavumiliwi hata siku moja, hata mama akisema vumilia. Nimeyatafuta kwenye barua yako sijayaona. Nimeona watu wanne walioamka wote kuja Frankfurt na karatasi.

Kwa hiyo hicho chumba cha kushea usikikatae wala usikikubali. Ukihama una siku 14 za kwenda kujiandikisha upya ofisi ya wakazi, na karatasi ya mwenye nyumba mpya mkononi, siyo mlima lakini ni foleni. Na una zile siku 25 za semina za mwaka wako, itakayofuata kaa na wenzako muulizane, hasa huyo wa nyumba ya kushea, muulize anakula na nani jioni, tena muulize mwezi huu wa giza. Maana hilo nalo lipo, Mwanza jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, wewe saivi likifika saa kumi na dakika ishirini limekwenda, mtu yeyote wa ziwani angelia. Siku ya mapumziko toka mchana, tembea mpaka lile daraja la zamani la mto Main, simama upigwe na kijua hata kama hakina joto.

Krismasi inakuja pia nikuandae mapema usije ukaniandikia tena. Shughuli yao ni tarehe 24 usiku, na usishangae usiku wenyewe mkubwa ukawekewa saladi ya viazi na soseji, nyumba nyingi ndo chakula chao siku hiyo. Zawadi inafunguliwa pale pale mbele ya aliyetoa, ukiificha ukafungue chumbani wataona hukuipenda. Tarehe 26 nayo ni sikukuu, mchana huo omba jiko, hapo pilau inafaa.

Ila kabla ya yote hayo kuna leo jioni. Usingoje akuangalie, gonga mlango, sema naomba tuongee, watafurahi maana ni lugha yao. Mwambie kwetu hatuna Nikolaus wa viatu, nilidhani mtoto ameficha vitu vyake. Mwambie kwetu hapana ya kwanza siyo hapana. Mwambie kuhusu mama fulani. Kijerumani kikikatika changanya na mikono, lafudhi yao ya huko Würzburg, Kifranken, hata wageni waliosoma miaka wanaishangaa, hakuna anayekusahihisha mtihani pale. Yule mdogo awepo, yeye ndo unamdai samahani kuliko wote, alipanga hizo buti kwa mikono yake.

Na yale machenza, kama bado yapo kwenye sahani pale mezani, chukua moja ulimenye mbele yao ule. Akikuuliza unataka na la pili, unajua cha kujibu.

Anti